Zamu ya Kusema: Jinsi ya Kuanzisha na Kuendesha Chama cha Kujifunza Kusema Hadharani

Katika mikutano yetu mingi, iwe ya wazazi shuleni, ya washirika wa kahawa, ya akina mama wa kuweka na kukopa, au ya wananchi wa kilima wanaojadili barabara na maji, jambo moja hutukia bila kukosa. Watu sitini huketi, na watu wanne husema. Wale wanne ni walewale wa mwezi uliopita na wa mwaka uliopita. Hamsini na sita waliosalia hutikisa vichwa, hupiga makofi inapopasa, kisha huondoka. Na huko njiani, wanapotembea wawili wawili, ndipo utakaposikia maneno ya maana ambayo yangefaa sana kusemwa mkutanoni.

Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo kwa miaka kadhaa kwa ajili ya utumishi wangu serikalini, na mara nyingi kazi yangu huwa ni kuandika kumbukumbu. Mwandishi wa kumbukumbu hana ruhusa ya kuandika yaliyonong'onwa njiani. Huandika yaliyosemwa tu. Basi mama ajuaye kwamba bomba la bondeni hukauka kila mwezi wa Agosti, asiposimama na kulisema jambo hilo, bomba lake halimo katika kumbukumbu. Na lisilokuwamo katika kumbukumbu ni nadra sana kuingia katika mipango wala katika bajeti. Hiyo ndiyo hasara ya ukimya, nayo hulipwa na nyumba nzima: watoto wanaokwenda mbali kuteka maji, na shule isiyopata choo kwa sababu hakuna aliyekitaja.

Wengi hudhani kwamba kusema mbele ya watu ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho. Dhana hiyo ina ukweli kidogo na udanganyifu mwingi. Wapo waliozaliwa na sauti nzuri na ulimi mwepesi, kama vile wapo waliozaliwa na miguu mirefu. Lakini kusema hujifunzwa kwa kusema, na mtu hawezi kusema asipopewa zamu. Makala hii, msomaji mpendwa, yataka kukuonyesha jinsi watu ishirini wa kawaida, bila fedha nyingi na bila mwalimu kutoka mbali, wawezavyo kuunda chama ambacho kila mmoja atapata zamu yake, saa yake, na msikilizaji wa kumwambia kweli.

SANAA YA WAZEE WETU

Tusidhani kwamba elimu hii ni ya wageni. Katika nyumba za Waswahili wa pwani, neno baraza ni lile benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi kuzungumza. Na kutoka benchi hilo neno likapanuka hata likawa na maana ya mkutano na mahakama.

Huku bara, nchi ya Burundi ilikuwa na sifa kubwa ya ufundi wa maneno. Waamuzi walioitwa bashingantahe waliaminiwa na watu kusuluhisha magomvi ya mipaka, ya ng'ombe na ya ndoa. Alama yao ilikuwa fimbo, iitwayo intahe, na mtu hakuteuliwa kuishika mpaka majirani wameridhika na ukweli wake, uvumilivu wake, na namna apimavyo maneno kabla ya kuyatoa. Mtaalamu wa Kimarekani Ethel Albert, aliyefanya utafiti Burundi katika miaka ya 1950 na kuchapisha makala mashuhuri juu ya usemi wa Warundi mwaka 1964, alieleza kwamba watoto wa kiume wa koo kubwa walianza kufundishwa kusema wakiwa na umri wa miaka kama kumi. Walifundishwa jinsi ya kumwomba mkubwa zawadi, jinsi ya kutoa rambirambi, jinsi ya kujitetea, na jinsi ya kushika mwili na sauti. Wasichana wa koo hizo walifundishwa jambo jingine: kunyamaza kwa busara mbele za watu, na kusikiliza kwa makini mno hata waweze kuyarudia maneno ya mgeni karibu kama yalivyotoka kinywani mwake.

Humo mna mafunzo mawili ambayo yafaa tuyachukue, na desturi moja ambayo yafaa tuitafakari. Funzo la kwanza ni kwamba kusema kulifundishwa, hakukuachiwa bahati. La pili ni kwamba kusikiliza kulihesabiwa kuwa ufundi kamili. Desturi ya kutafakari ni mpangilio wa wasemaji: mkubwa kwa cheo na umri alianza, kisha aliyemfuata, hata wa mwisho. Adabu hiyo ilikuwa na faida zake, maana ilizuia makelele. Lakini mara nyingi zamu iliisha kabla haijamfikia mdogo, na mwanamke mwenye kumbukumbu iliyokuwa kama kitabu alibaki kuwa masikio ya watu wengine.

Leo hali ya sheria imebadilika. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliweka kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika Serikali na katika Bunge, na katiba ya mwaka 2018 iliendelea na msingi huo. Rwanda iliweka kiwango kama hicho katika vyombo vya maamuzi kwa katiba yake ya mwaka 2003. Uganda nayo, kwa katiba ya mwaka 1995, ilitenga theluthi moja ya nafasi katika mabaraza ya serikali za mitaa kwa ajili ya wanawake. Sheria imekwisha kutoa kiti. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kusimama kutoka katika kiti hicho na kusema. Kazi hiyo hapana budi tuifanye wenyewe.

BWANA SMEDLEY NA VIJANA WAKE

Chama cha kujifunza kusema kijulikanacho zaidi duniani kilianza kwa unyonge sana. Ralph Smedley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1878, alikuwa mkurugenzi wa elimu katika chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, mjini Bloomington katika jimbo la Illinois. Aliona kwamba vijana waliofika hapo walikuwa na akili na bidii, lakini hawakujua kuongoza mkutano wala kutoa hoja. Mwaka 1905 akaanzisha kikundi ambamo vijana walisimama kwa zamu kutoa hotuba fupi, na wenzao wakawakosoa. Alipohamishwa kwenda miji mingine alianzisha vikundi vingine, navyo vilififia baada ya yeye kuondoka. Hatimaye tarehe 22 Oktoba 1924, katika chumba cha chini cha jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, kikaanza chama ambacho hakikufa. Miji ya jirani ikaiga, na mwaka 1932 vyama hivyo vikaandikishwa rasmi kwa jina la Toastmasters International. Siku hizi vipo katika nchi zaidi ya 140, na Afrika Mashariki imo.

Hata chama hicho kilikuwa na ukuta wake. Kwa miaka mingi kilikuwa cha wanaume peke yao. Mwaka 1970 mwanamke aitwaye Helen Blanchard aliandikishwa kwa jina la kiume, Homer, ili apate kuingia. Mwaka 1973 milango ikafunguliwa rasmi kwa wanawake, na mwaka 1985 Bibi Blanchard huyohuyo akawa rais wa chama kizima duniani.

Ukiuchunguza mpango wa Smedley utaona kwamba hauna siri kubwa. Hakukuwa na profesa. Palikuwa na ratiba, saa, na ahadi ya kuambiana ukweli. Kila mtu alisema, mkubwa kwa mdogo, kwa dakika zilezile. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha, nayo yaweza kufanyika chini ya mwembe.

MOYO UNAPODUNDA

Kabla ya kuunda chama, tuzungumze kidogo juu ya woga, maana ndio unaowafunga wengi. Mtu asimamapo mbele ya macho mengi, mwili humdhania yumo hatarini. Homoni iitwayo adrenalini humwagika katika damu. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, viganja hutoka jasho, magoti hulegea. Hali hii si ugonjwa, wala si dalili kwamba mtu huyo hafai kusema. Hata wasemaji wakongwe huipata. Tofauti yao ni kwamba wameizoea na wanajua kuwa hupungua baada ya sentensi chache.

Yako mambo machache yasaidiayo. Kwanza, vuta pumzi taratibu, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara nne au tano kabla ya kuitwa. Pili, simama miguu ikiwa imeachana kidogo, uzito ukiwa juu ya yote miwili, usije ukayumba. Tatu, ijue kwa moyo sentensi yako ya kwanza na ya mwisho, maana hapo ndipo kumbukumbu hupotea. Nne, ukifika mbele usianze kusema papo hapo. Tazama watu, hesabu moyoni moja hadi tatu, ndipo ufungue kinywa. Tano, chagua nyuso tatu zenye upole, moja kushoto, moja kati, moja kulia, useme nazo kwa zamu kana kwamba mko sebuleni.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kurudia. Aliyesimama mara moja kwa mwaka huogopa kila mwaka. Aliyesimama kila wiki, hata kwa dakika moja, huona baada ya miezi michache kwamba magoti yamenyamaza. Haba na haba hujaza kibaba.

HOTUBA YA DAKIKA TANO

Msemaji mpya mara nyingi hutafuta maneno makubwa, na humo hupotea. Heri atafute jibu la swali dogo: je, wasikilizaji wangu wakishaondoka hapa, nataka wafanye nini au wakumbuke nini? Jibu hilo aliandike kwa sentensi moja. Asipoweza kuliandika, bado hajawa tayari kusema.

Tuseme mama wa mfano wetu ataka kulisema lile bomba. Sentensi yake ni hii: nataka mkutano uteue watu watatu wa kulifuatilia bomba la bondeni. Basi hotuba yake yaweza kujengwa hivi. Aanze na jambo lenyewe: "Ndugu mwenyekiti, ndugu wananchi wenzangu, bomba la bondeni hukauka kila mwezi wa Agosti. Mwaka huu lilikauka siku kumi na tisa." Kisha atoe hoja tatu, wala zisizidi tatu. Ya kwanza, watoto huchelewa shuleni kwa sababu ya kuteka maji mbali. Ya pili, maji ya mtoni huleta magonjwa ya kuhara, na matibabu hugharimu kuliko kutengeneza bomba. Ya tatu, bomba la juu halikauki, hivyo inaonekana kasoro iko katikati ya mabomba hayo mawili, na fundi aweza kuitafuta. Amalize kwa ombi lililo wazi: "Naomba mkutano huu uteue watu watatu, waende kwa mhusika wa maji, na walete jibu katika mkutano ujao." Akisha kusema hayo aketi.

Tazama yaliyomo na yasiyomo. Hesabu ya siku imo, maana "siku kumi na tisa" ina uzito kuliko "siku nyingi sana". Lawama kwa mtu haimo, kwa kuwa alaumiwaye hujitetea, na mkutano hugeuka kuwa shauri. Salamu ndefu hazimo pia. Wako wasemaji ambao, kwa kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, humaliza dakika mbili kati ya tano. Heshima ni jambo jema, lakini salamu moja yenye adabu yatosha wote.

Fanya mazoezi kwa sauti, si kwa macho. Soma hotuba yako nyumbani huku saa ikienda, mara tatu au nne, mbele ya ndugu au mbele ya ukuta. Husimuliwa kwamba Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Ugiriki ya kale aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alikuwa na kasoro ya matamshi, akajizoeza kwa kusema na changarawe kinywani na kwa kushindana na ngurumo za bahari. Sikushauri utie changarawe kinywani. Lakini ukipanda mahali pa wazi na kusema hata mtu aliye hatua thelathini akusikie bila wewe kupiga kelele, utakuwa umejifunza kuitoa sauti kifuani badala ya kooni.

Baada ya mazoezi iache karatasi ndefu, ushike kipande kidogo chenye maneno matano ya kukukumbusha. Asomaye kila neno huinamisha kichwa, na watu huona utosi wake. Naye aliyeikariri yote kwa ghibu, akisahau neno moja, huanguka kama ukuta uliotolewa tofali la chini.

KUUNDA CHAMA

Sasa tuje kwenye chama chenyewe. Tafuta watu kumi na watano hadi ishirini na watano. Wakipungua sana, mkutano huwa baridi. Wakizidi sana, zamu huchelewa na walewale wanne hurudi. Changanya watu: mwalimu, mshonaji, dereva, muuguzi, mwenye duka, mkulima, kijana aliyemaliza shule. Wanaume na wanawake wawe karibu sawa, na saa ya kukutana ichaguliwe kwa kuuliza kwanza akina mama, maana saa kumi na mbili jioni ni saa ya jikoni.

Mahali pasiwe baani wala nyumbani kwa mkubwa mmoja. Darasa la shule baada ya masomo lafaa sana. Waarifuni wenye mamlaka ya mahali mapema na kwa maandishi, mkiwaeleza kwamba ni chama cha elimu. Katika kanuni zenu andikeni kwamba mada za kugombanisha vyama vya siasa, dini au makabila hazitajadiliwa. Mada hazitakosekana: malezi, kilimo, afya, mahari, matumizi ya simu kwa watoto, soko, historia ya mji, na mapishi pia.

Amueni lugha. Mwaweza kukutana wiki moja kwa lugha yenu ya nyumbani na wiki nyingine kwa Kiswahili. Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Na mfanyabiashara avukaye mpaka anajua faida ya kueleza jambo lake kwa Kiswahili kilichonyooka. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, yafaa kuwa siku ya chama kualika jamaa na majirani waje kusikiliza.

MKUTANO WA SAA MOJA NA NUSU

Mkutano mzuri huanza kwa saa na kwisha kwa saa. Mpango ufuatao wafaa kikundi cha watu ishirini.

Dakika 5: mwenyekiti wa siku hiyo afungua na kueleza kazi za kila mmoja.

Dakika 25: maswali ya papo kwa papo. Mtoa maswali humwita mtu, humpa swali rahisi asilolijua kabla, naye husema kati ya dakika moja na mbili. Watu kumi hupata zamu. Maswali yawe kama haya: Ni kazi gani ya nyumbani ambayo kila mvulana apaswa kuijua? Ungepewa shilingi au faranga za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mtaa, ungenunua nini?

Dakika 25: hotuba tatu zilizoandaliwa, kila moja dakika tano hadi saba. Mwanachama mpya katika hotuba yake ya kwanza azungumze juu ya maisha yake mwenyewe, kwa kuwa hapana aijuaye mada hiyo kuliko yeye.

Dakika 15: uhakiki. Kila hotuba ina mhakiki wake, asemaye dakika mbili hadi tatu. Kisha mtunza saa na mhesabu maneno hutoa taarifa zao.

Dakika 10: shughuli za chama, na kupanga wasemaji wa wiki zijazo.

Dakika 10: mazungumzo ya wazi na kufunga.

Fanya hesabu, msomaji. Kumi wamejibu maswali, watatu wametoa hotuba, watatu wamehakiki, mmoja ameongoza, mmoja ameuliza maswali, mmoja ametunza saa, na mmoja amehesabu maneno. Jumla ni ishirini. Hakuna aliyekuja na kuondoka bila kusimama. Na kwa kuwa hotuba ni tatu kila wiki, kila mwanachama hupata zamu ya hotuba kamili karibu kila wiki ya saba, na kazi ya uenyekiti humfikia kila mmoja mara mbili au tatu kwa mwaka.

Mtunza saa awe na kadi tatu za karatasi. Ya kijani huonyeshwa dakika ya tano, kumwambia msemaji kwamba amefikisha muda wa chini. Ya njano, dakika ya sita. Nyekundu, dakika ya saba, nayo maana yake ni kumalizia. Baada ya nyekundu apewe nusu dakika, kisha makofi yapigwe, hata kama ni mkurugenzi. Sheria hii huonekana ngumu kwa wakubwa katika wiki za mwanzo. Lakini dakika ambazo mkubwa anazizidisha ni dakika za mtu fulani aliye mwishoni mwa orodha, na mtu huyo kwa kawaida ni mdogo kuliko wote.

Mhesabu maneno naye huandika "eee", "yaani", "kwa hiyo", "sijui nini", na vijineno vingine vya kujaza mapengo. Mtu akiambiwa kwamba amesema "yaani" mara kumi na nne katika dakika sita hucheka, hushangaa, na wiki ijayo hujilinda. Afundishwe kwamba pengo halihitaji kujazwa: kunyamaza kwa sekunde mbili humpa msikilizaji nafasi ya kuelewa.

KUHAKIKI BILA KUUMIZA

Hapa ndipo vyama vingi hushindwa. Wengine husifu kila kitu, na tunajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengine humshambulia msemaji kama wakili wa upande wa pili, naye asionekane tena. Mhakiki mwema hufuata njia hii: ataje jambo moja au mawili yaliyofanywa vizuri, kwa kuyataja hasa, ataje jambo moja la kurekebisha, na namna ya kulirekebisha, amalize kwa kumtia moyo. Asiseme, "Hotuba yako ilikuwa nzuri." Aseme, "Ulipotaja siku kumi na tisa, watu wote waliinua vichwa. Lakini ombi lako ulilisema huku ukiketi, wa nyuma hawakulisikia. Mara ijayo limalize kwanza, tulia, ndipo uketi."

Jambo la kurekebisha liwe moja tu, kwa kuwa mtu hawezi kubeba matano kwa mara moja. Lihusu hotuba, lisihusu mwili wa mtu, mavazi yake, lafudhi ya kwao, wala elimu yake. Na kijana akimhakiki mzee, aanze kwa heshima ipasayo, "Mzee wangu", au "Mama", kisha aseme kweli. Mzee naye aseme "Asante", aketi bila kujitetea. Heshima haikuvunjika hapo. Mzee amempa kijana nafasi ya kujifunza kusema kweli kwa adabu, na hilo ndilo funzo la zamani la wenye fimbo ya intahe.

MAGONJWA YAUAYO VYAMA

La kwanza ni kuchelewa. Mkutano wa saa tisa ukianza saa kumi, waliofika mapema wameadhibiwa. Wiki ya tatu hawaji. Anzeni hata mkiwa sita.

La pili ni mwanzilishi asiyeachia. Vikundi vya mwanzo vya Smedley vilififia alipohama, kwa kuwa vilimtegemea yeye. Viongozi wabadilishwe kila miezi sita au kila mwaka, na mwanzilishi awe mwanachama kama wengine.

La tatu ni fedha. Ada iwe ndogo, ya kutosha karatasi, kalamu na chai. Mtunza fedha asome hesabu mbele ya wote kila mwezi. Chama chenye fedha nyingi bila hesabu hufa kwa magomvi.

La nne ni kugeuza chama kuwa mashindano ya ufasaha. Mashindano yafaa mara moja au mbili kwa mwaka kwa furaha. Lakini yakizidi, wenye ulimi mwepesi hubaki na wenye woga huondoka, nao wenye woga ndio chama kilichoundwa kwa ajili yao.

La tano ni kujifungia. Chama kisiishie darasani. Baada ya miezi sita, kila mwanachama apewe kazi ya kusema mara moja katika mkutano wa kweli: wa wazazi, wa ushirika, wa kilima au wa mtaa. Kisha aje aeleze chamani alisema nini, akajibiwa nini, na kilichofanyika ni nini. Hicho ndicho kipimo cha chama, kuliko makofi.

Nawe uliye mwenyekiti wa mkutano wowote, hata kama huna nia ya kuunda chama, waweza kuanza na jambo moja wiki hii. Kabla ya kumpa yule msemaji wa kila siku nafasi ya pili, uliza, "Nani bado hajasema?" Kisha nyamaza, usubiri. Ukimya huo utaonekana mrefu, na walewale wanne watajaribu kuuvunja, usiwaruhusu. Baada ya muda mtu wa nyuma atainua mkono nusu, kama asiye na hakika. Mpe dakika mbili kamili, na mwandishi wa kumbukumbu awe na kalamu tayari.